Mota ya sufuria: kwanini vitu vya ndani saivi havidumu

Blenda ilikufa siku ya nne ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni, embe ziko ndani, nusu zimesagika nusu bado. Haikupiga kelele wala nini, ilitoa tu ile harufu ya nywele zikiungua, kamoshi kembamba kakatoka kwa chini, basi. Ilikuwa na miezi minne. Dada yangu anauza juisi mtaani kwahiyo hali ya nyumba jioni ile mnaijua wenyewe, tulimalizia zile embe kwa chujio na mwiko huku kila mtu kanuna.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi, Mwananyamala, mzee mmoja ana kibanda pembeni ya genge, mafeni ya watu yamening'inia juu hadi unaingia umeinama. Akafungua skrubu za chini, akatoa mota imeungua nyeusi tii, akakata kipande cha waya wa koili kama urefu wa kidole, akachukua wembe akaanza kukikwangua taratibu. Kwa nje ule waya ni shaba kabisa, mwekundu unang'aa. Kwa ndani mweupe.

"Umeona mwanangu? Hii sio shaba, hii sufuria. Umeuziwa mota ya sufuria."

Nilicheka, lakini ile kauli sikuiacha pale. Nyumbani kwa mama kuna pasi ya umeme, ile nzito ya zamani, imenunuliwa mie sijaanza shule, imebadilishwa waya mara mbili tatu hivi na mpaka leo inanyoosha sare za wajukuu. Alafu mie miaka mitano hii nimeshanunua pasi tatu. Sasa ndo nikaanza kuulizauliza, mafundi, wauza maduka, na kusoma pia, kwasababu majibu ya mtaani ni yaleyale kila siku: wa kwanza atakwambia ni Mchina, wa pili atakwambia viwanda vinafanya makusudi vife mapema ununue tena, wa tatu atakwambia watu wa zamani walikuwa waaminifu. Kila jibu lina ukweli wake kidogo na kila moja likibaki peke yake linakupoteza.

Tuanze na hiyo sufuria kwanza, yani alumini, ile inayotengenezea masufuria. Alumini inapitisha umeme kwa kama asilimia 60 ya uwezo wa shaba, kwahiyo ukitaka waya wa alumini ufanye kazi ya waya wa shaba inabidi uwe mnene zaidi, kama mara moja na nusu na ushee. Uzito wake ni kama theluthi tu ya shaba na kwa kilo ni rahisi sana, shaba inaizidi bei mara tatu au zaidi. Kwahiyo alumini yenyewe sio dhambi, zile nyaya kubwa zinazopita juu kwenye minara ya umeme ni alumini na zinakaa miaka na miaka, sababu waliozifunga wamezipa unene wake. Shida ni ukiichukua alumini ukaiweka mle ndani ya mota ndogo mahali palipopimwa kwa ajili ya shaba, unene uleule, nafasi ileile, alafu ukaipaka vanishi ya rangi ya shaba. Hapo mota inafanya kazi vizuri tu, ila inachemka kuliko inavyotakiwa, vanishi inaanza kupasuka, nyaya zinagusana, na siku ukiweka embe ngumu na barafu ndo siku yenyewe hiyo. Na kwenye maungio ndo balaa zaidi, alumini ikikutana na hewa inajitengenezea utando ambao risasi ya kuchomelea haishiki kirahisi, kwahiyo hata fundi akitaka kuunga waya uliokatika anahangaika.

Sasa jiulize, dukani mie ningejuaje? Nilipoinunua niliangalia rangi, nikaangalia jagi kama ni la kioo, nikaiwasha sekunde kumi ikalia vruuu, nikalipa. Ile vruuu ya shaba na ile ya sufuria zinafanana. Boksi liliandikwa wati 4,500, herufi kubwa za njano. Hii nayo ni kichekesho ambacho nimekuja kukigundua baadae kabisa, plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni fyuzi ya ampea 13, na ampea 13 kwa volti 230 ni kama wati 3,000. Yani ingekuwa kweli inakula wati 4,500, fyuzi ya plagi isingeuvumilia mzigo huo kwa muda mrefu. Aliyeandika ile namba anajua, muuza duka pengine anajua, mnunuzi ndo hajui, na namba kubwa inauza.

Hapa ndo nadhani pana mzizi wa jambo lote. Ukikaa vizuri ukaangalia ni kitu gani kimeondolewa kwenye vyombo vya ndani, utakuta karibu kila mara kimeondolewa kile ambacho mnunuzi hawezi kukiona akiwa amesimama mbele ya kaunta. Rangi haijaondolewa, vioo vinang'aa kuliko zamani, taa za bluu zimeongezwa, vitufe vimeongezwa. Kilichoondoka ni shaba ndani ya mota, beringi imewekwa bushi, gia ya chuma imekuwa ya nailoni, bati limekuwa jembamba, fyuzi ya joto imerukwa.

Nina jamaa ana duka Kariakoo, anaenda China mwenyewe kufungasha mzigo. Nilimbana siku moja tukinywa chai, nikamwambia kaka nyie ndo mnatuua. Hakukasirika. Akaniambia ukifika kiwandani hawakuulizi unataka nzuri au mbaya, wanakuuliza bajeti yako. Umbo la nje ni lilelile, boksi lilelile, ila ndani kuna ya bei hii na ya bei ile na ya bei ya chini kabisa, na anakwambia wazi hii mota ni shaba, hii sio. "Mie nimeshawahi kuleta ile nzuri," akasema, "nimeiweka hapa, jirani kaweka ile nyingine, zinafanana kama mapacha, yake imepungua elfu ishirini. Unadhani mteja alienda wapi?" Nikanyamaza kwasababu mteja ni mie.

Kwahiyo neno "Mchina" halielezi kitu. China ndo inatengeneza zile simu za mamilioni na vyombo vya bei mbaya vinavyouzwa Ulaya, na ndo inatengeneza blenda yangu ya sufuria. Kiwanda kinatengeneza kilichoagizwa, na aliyeagiza ni Mswahili mwenzetu aliyepiga hesabu ya ushuru, kontena, pango la duka na mfuko wa mteja. Mie mwenyewe nikiingia dukani swali langu la kwanza ni mwisho shingapi, na la pili sina.

Twende kwenye lile la makusudi, maana hili watu wanalipenda sana na lina hadithi ya kweli kabisa. Desemba 1924, Geneva kule Uswisi, makampuni makubwa ya balbu, wakiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi pamoja na washirika wa General Electric ya Marekani, yalikaa yakaunda umoja ukaitwa Phoebus. Wakagawana masoko, na wakakubaliana balbu ya kawaida isizidi masaa 1,000, wakati nyingi zilikuwa zinafika 1,500 hadi 2,000. Walikuwa wanapeleka sampo maabara kupimwa, na kampuni ambayo balbu zake zinadumu sana inapigwa faini. Yani unapigwa faini kwa kutengeneza kitu kizuri! Mpango uliendelea mpaka vita kuu ya pili ilipousambaratisha. Kwahiyo anayesema viwanda vinakula njama hajatunga, lipo kwenye historia.

Ila hata hapo pana kona ambayo wasimuliaji huwa wanairuka. Balbu ile ya uzi, ukitaka idumu unaupunguzia joto uzi, na uzi usipopata moto vizuri mwanga unakuwa hafifu na wa rangi ya chungwa huku umeme unaliwa karibu uleule. Kuna balbu moja maarufu iko kituo cha zimamoto Livermore, California, inawaka tangu 1901, watu wanaenda kuipiga picha, lakini mwanga wake saivi ni kama wa balbu ya wati 4, huwezi kusomea hata risiti. Kwahiyo masaa 1,000 yalikuwa na sababu ya kihandisi na yalikuwa na ulafi ndani yake, vyote viwili kwenye balbu moja.

Na mchezo huohuo umerudi kwenye LED. Boksi linakwambia masaa 25,000, ukigawa kwa masaa matano kila usiku hiyo ni zaidi ya miaka kumi na tatu, wakati ya kwangu ya barazani haijamaliza mwaka. Nilipasua moja nikaangalia. Ndani kuna kisahani cha bati kina vidonge vya njano vimepangwa duara, vyote visafi isipokuwa kimoja kina kitone cheusi katikati, kama vile kimechomwa na kijiti cha ubani. Hicho kimoja ndo kimeua taa nzima, kwasababu vimefungwa kwa mstari, mmoja akifa umeme haupiti kwa wengine. Fundi anakwambia niunge hapo kwa risasi, anaruka kile kilichokufa, taa inawaka tena, ila vile vilivyobaki bado vinachemka vilevile na baada ya muda kinakufa kingine. Tangu mwanzo vidonge vilikuwa vichache na vinasukumwa umeme mwingi vitoe mwanga mkubwa, vinaungua kwa joto lao wenyewe.

Dawa inajulikana na sio siri, unaweka vidonge vingi zaidi kila kimoja kinafanya kazi nyepesi, kinabaki cha baridi. Philips wametengeneza taa za hivo, zilitangazwa 2016 kwa makubaliano na manispaa ya Dubai, zinatoa hadi lumeni 200 kwa kila wati moja, wakati taa nyingi za LED za kawaida ni nusu ya hapo. Zilipatikana kwasababu alitokea mnunuzi mkubwa, serikali ya mji mzima, akakaa mezani akasema nataka iwe hivi. Mie na elfu tatu yangu pale kwa Mangi sina meza ya kukaa.

Haya, la tatu, la watu wa zamani waaminifu. Hapa naomba tuwe wakweli hata kama inauma. Ile pasi ya mama ninaiona kwasababu ilipona. Pasi, redio na mafeni yaliyokufa mwaka uleule siyaoni, yalishauzwa skrepa zamani, yameyeyushwa, pengine yamekuwa nondo za nyumba ya mtu. Kwahiyo nikisema vya zamani vilidumu ninahesabu waliopona tu, ni sawa na kwenda kwenye sherehe ya wazee wa miaka tisini ukatangaza kwamba zamani watu hawakuwa wanakufa. Alafu kitu kilikuwa kimoja nyumbani na kilikuwa ghali, mwanzoni mwa miaka ya 80 hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, nani angetupa redio. Redio ilivalishwa kitambaa cha kushona, mtoto ukiigusa unachapwa. Blenda yangu inasaga lita ngapi kwa siku? Mama hakuwahi kuwa na blenda, alikuwa na mbuzi ya nazi na kinu.

Sasa je kuna vipimo vya kweli, au wote tunaotea tu? Vipo kiasi, ila vya wenzetu. Ujerumani walifanya utafiti ulioagizwa na idara yao ya mazingira wakakuta kwamba vyombo vikubwa vya nyumbani, friji na mashine za kufulia na wenzao, vilivyobadilishwa kwasababu vimeharibika ndani ya miaka mitano ya kwanza, vilikuwa asilimia 3.5 mwaka 2004 vikafika asilimia 8.3 mwaka 2012. Sio vingi, lakini vimezidi mara mbili kwa miaka minane. Norway nao walichimba takwimu za miaka mingi wakaona mashine za kufulia zimeshuka kutoka wastani wa miaka 19 hivi hadi kama 11, majiko ya oveni nayo yameshuka, lakini friji hazijabadilika sana. Na kwenye mashine za kufulia wakaona kitu kingine, watu wanafua mara nyingi zaidi kwa wiki kuliko bibi zao. Ukihesabu kwa idadi ya nguo zilizofuliwa badala ya miaka, mashine haijazeeka vibaya kama inavyoonekana.

Kwahiyo ubora umeshuka kweli, ila haujashuka kila mahali wala haujashuka kama kumbukumbu zetu zinavyodai.

Friji inataka maelezo yake peke yake kwasababu hapa ndo watu wanalia hela nyingi. Friji za zamani zilikuwa zinatafuna umeme, za Marekani za katikati ya miaka ya 70 zilikuwa zinakula karibu uniti 1,800 kwa mwaka, leo ya ukubwa uleule inakula kama theluthi ya hapo. Piga kwa bei ya Luku uone. Hiyo ni faida ya kweli na usiruhusu mtu akudanganye kwamba kila cha zamani ni bora. Lakini angalia nyuma ya friji yako. Ile ya zamani ilikuwa na mabomba meusi kama seng'enge, yako nje, yanajaa vumbi na buibui. Mpya nyingi nyuma ni tambarare, safi, unaisogeza mpaka ukutani, unaipenda. Yale mabomba hayajaondoka, yamefichwa ndani ya kuta za friji na yamezungushiwa povu gumu, na mara nyingi sio shaba tena, ni chuma chembamba au alumini. Huku kwetu pwani, unyevu na chumvi ya hewani, bomba likianza kutoboka mle ndani gesi inavuja na hakuna fundi duniani atakayelifikia bila kuichana friji. Mafundi wetu wana akili, wanayaacha yale ya ndani yafe humohumo, wanafunga mabomba mapya kwa nje, seng'enge ileile ya zamani inarudi mgongoni mwa friji ya kisasa. Nimeiona kwa macho yangu, friji ya fedha inang'aa, nyuma imebeba kichanja.

(Na wale wanaotoa barafu kwa kisu, nyie hamumo kwenye makala hii, ile sio kosa la kiwanda.)

Alafu kuna umeme wetu. Chombo kilichopimwa kufanya kazi kwenye volti 230 zilizotulia kinakuja kukutana na umeme unaopanda na kushuka, unakata na kurudi mara nne ndani ya dakika moja. Kompresa ya friji ikizima, gesi ndani inabaki na presha upande mmoja, inahitaji dakika chache kutulia. Umeme ukirudi hapohapo, kompresa inajaribu kuzunguka inashindwa, imegoma kama gari lililokwama, inavuta umeme mwingi bila kuzunguka na wote unageuka joto. Ndo maana friji gadi ina ule muda wa kusubiri ambao watu wanadhani imeharibika wanaichomoa. Umeme mdogo nao unaua vilevile, watu wanaogopa ule mkubwa tu.

Kwenye bodi za umeme za TV, redio, chaja na friji za inveta, sehemu ya kuingilia umeme huwa inawekwa vidude vya kinga, kuna kimoja kama biskuti ndogo ya bluu au njano ambacho umeme ukipanda ghafla kinajitoa mhanga, na kuna koili ya kuchuja. Fundi alinionyesha bodi mbili pembeni kwa pembeni. Kwenye moja vipo vyote. Kwenye ya pili ile alama ya duara imechorwa kabisa kwenye bodi, na herufi zake zimeandikwa, na matundu ya kupachika yametobolewa, kidude hakipo. Sehemu ya koili wameweka kijiwaya tu, kimeruka kutoka huku kwenda kule. Mhandisi alikiweka kwenye mchoro, mtu mwingine akaja akakitoa kwenye hesabu, na ile alama imebaki. Hapo ndo utaelewa kwanini radi moja Kimara inaondoka na TV za mtaa mzima.

Jirani na hapo kuna zile kapasita, vikopo vidogo vyenye maji maalum ndani, hizi joto likipanda nyuzi kumi umri wake unapungua karibu nusu. Sasa piga picha TV imebanwa ukutani Dar mwezi Februari. Kapasita ya bei rahisi ukiiangalia juu imevimba kama kitumbua, ndo imekwisha. Kubadilisha ni hela ndogo sana, shida ni kwamba wengi wetu tunatupa TV nzima au tunamuuzia mtu wa vyuma.

Majina nayo yanachanganya. Mtu anakwambia mie nanunua brandi tu, kama ile ya baba. Majina ya zamani mengi saivi yanakodishwa, kampuni inauza kitengo chake na jina linaendelea kuandikwa kwenye boksi kwa mkataba. Telefunken na Westinghouse ni majina yanayokodishwa kwa watengenezaji tofautitofauti. Philips waliuza biashara yao ya vyombo vya nyumbani 2021, pasi na blenda na mashine za kahawa, kwa kampuni ya uwekezaji, na jina likakodishwa kwa miaka 15. General Electric wao kitengo cha friji na majiko kilienda kwa Haier ya China 2016. Sisemi vimekuwa vibaya, baadhi pengine ni vilevile, nasema jina pekee halikuambii tena nani ameshika bisibisi.

Kwenye vitu visivyo na umeme hadithi ni fupi. Bomba la maji la shaba ya njano limekuwa la zinki lililopakwa kromu, linang'aa, uzi wake unakatika mkononi ukilikaza. Kitasa hivohivo. Sufuria geji imepungua, ukiweka wali chini unaungua juu mbichi. Jembe la zamani lilifuliwa na kupewa moto na maji yake, la saivi unakuta ni bati limekatwa na kukunjwa, likikutana na jiwe linajikunja kama karata. Tulikuwa na viwanda vyetu vya majembe, UFI pale Ubungo na ZZK Mbeya, wenye umri watawasimulia. Ukitaka kuona chuma kilichofanywa kwa heshima nenda kwa fundi cherehani yeyote mwenye Singer ya zamani, ile nyeusi, mwili mzima umesubuliwa kwa chuma cha kumwaga, kazi yake ni mafuta tone mbili na mkanda mpya.

Watu wanauliza, TBS, wale wa shirika la viwango, wako wapi? Hapa pia pana mkanganyiko. Viwango vingi vya vyombo vya umeme vya nyumbani, ukianzia vile vya kimataifa vya IEC 60335 ambavyo nchi nyingi zinavifuata, ni vya usalama. Vinauliza kitampiga mtu shoti? Kitawasha nyumba? Blenda inayokufa kimyakimya kwa moshi mwembamba bila kumdhuru mtu inaweza kuwa imefaulu kabisa. Kufa mapema sio kosa kwenye mtihani ule. Feki ni habari nyingine, jina la mtu limeibiwa, hiyo ni kesi ya FCC, tume ya ushindani, lakini chombo dhaifu chenye jina lake halali kinapita mlangoni mchana kweupe.

Ulaya wamejaribu kushika hapo penyewe. Tangu Machi 2021 mtengenezaji wa friji anayeuza kule analazimika kuwa na spea kadhaa muhimu kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza modeli, mashine ya kufulia miaka 10. Ufaransa tangu Januari 2021 wanabandika alama dukani, kati ya kumi, kwamba kitu hiki kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani, na 2025 wakaanza kuweka alama ya kudumu kwenye TV na mashine za kufulia. Mie hilo la alama ndo limenivutia kuliko yote. Limekitoa kile kitu cha ndani likakiweka kwenye kaunta karibu na bei, sasa yule jamaa yangu wa Kariakoo angekuwa na la kumwonyesha mteja kwenye ile blenda yake iliyozidi elfu ishirini.

Huku kwetu alama ni fundi. Yeye ndo anaona ndani ya vyombo vya mtaa mzima, anajua mwaka huu zimeletwa zipi mbovu na zipi hazirudi kwake. Sisi tunaenda kwake tukiwa tumeshanunua. Siku hizi nampitia kabla, nampa hata elfu mbili ya soda, namuuliza mzee nataka birika la umeme, ananiambia chukua lile lenye hiki, usichukue lile, na lile spea zake hazipo mjini. Kingine nabeba sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji, nagusisha kwenye miguu ya plagi na ekstensheni. Ikinasa ujue ni chuma kimepakwa rangi. Na nanyanyua, naweka viwili mkono huu na huu, muuzaji ananicheka anasema dada unanunua nyama?

Uzito nao unadanganya jamani, nimeshakuta redio imewekewa kipande cha chuma ndani kimegandishwa kwa gundi, hakina kazi yoyote zaidi ya kuwa kizito.

Blenda niliisukisha upya. Mzee alisuka koili kwa waya wa shaba aliotoa kwenye mota ya feni iliyokufa bodi, ilimchukua siku mbili, akanitoza nusu ya bei ya blenda mpya, na dada akasema bora tungenunua tu. Ikaja na nguvu sio mchezo, embe na barafu inasaga kama unga. Wiki ya tatu tukasikia inazunguka chini lakini visu juu vimesimama. Kile kimpira kinachounganisha jagi na mota kimelika chote, kimebaki unga mweusi. Nikamrudia mzee, akakishika akakigeuza, akasema hiki kilipimwa kwa ajili ya ile mota ya sufuria, hii ya shaba imekizidi. Nimenunua vitatu, elfu moja moja, viko kwenye droo ya vijiko.